Ndege yetu hupanda kichwa juu kisha huanguka: tumekosea wapi?

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Nafundisha fizikia hapa Lamu. Wanafunzi wangu wametengeneza ndege ndogo ya umeme isiyo na rimoti, ya kuachwa huru ijiendee yenyewe. Mabawa yake ni sentimita 60 ncha hadi ncha, uzito gramu 48, mota ndogo moja ya droni na betri ya lithiamu ya volti 3.7. Tukiirusha kwa mkono bila mota inateleza vizuri mno. Tukiwasha mota inainua pua, inasimama hewani, halafu inaanguka kwa bawa la kushoto. Tukaipachika risasi ya kuvulia puani. Sasa haipandi, na mota ikizimika inakwenda kujichoma mchangani. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, mwalimu mwenzangu. Kwanza itoeni hiyo risasi.

Ndege yenu ni moja lakini ina safari mbili. Kuna safari ya mota, sekunde kumi au ishirini za kupanda, na kuna safari ya kuteleza inayofuata. Kwa maelezo yako, safari ya pili ilikuwa salama tangu mwanzo. Ugonjwa ulikuwa kwenye ya kwanza, nanyi mkampa dawa yule mzima. Nahodha hahamishi farumi (uzito wa kutuliza chombo) ya chombo kizima kwa sababu tanga limefungwa vibaya.

Kinachotokea ni hiki. Nguvu inayoinua bawa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Tuseme inateleza mita 4 kwa sekunde, na mota ikiwaka inakwenda mita 6. Mwendo umeongezeka mara moja na nusu tu, lakini nguvu ya kuinua inakuwa mara 2.25. Bawa linabeba zaidi ya maradufu ya uzito wa ndege, pua inapanda, mwendo unakufa, hewa inaachana na mgongo wa bawa, na hapo hakuna tena cha kuishikilia. Rubani angesukuma usukani mbele. Ninyi hamna rubani, kwa hiyo kazi yake lazima mwifunge ndani ya ndege kabla haijatoka mkononi.

Inafungwa kwenye mota. Ielekezeni rafadha (propela) chini kidogo, ili nguvu ileile inayoleta mwendo wa ziada ivute pua chini. Mota ikizimika, mvuto huo unatoweka wenyewe na mtelezo wenu mzuri unabaki vilevile. Ndiyo maana nasema msiguse mkia wala uzito kwa kosa la mota. Anzeni na pembe ya nyuzi 2. Kama kishikio cha mota kina urefu wa milimita 30, kabari ya milimita 1 upande wa juu nyuma ya kishikio inatosha kwa nyuzi hizo. Kipande cha kadi ya simu kilichokunjwa kinafanya kazi. Ikiendelea kuinua pua, ongezeni hadi 4. Ikihitaji zaidi ya 5 au 6, basi mota ina nguvu kuliko ndege, na kosa ni la fundi aliyeinunua.

Kuhusu bawa la kushoto: mkiwa nyuma ya ndege, rafadha yenu bila shaka inazunguka kama mishale ya saa. Inaposukuma hewa upande huo, mwili wa ndege unasukumwa upande wa pili, yaani kushoto. Kabari ya pili, nusu ya ile ya kwanza, iitazamishe mota kulia kidogo. Msifanye yote mawili kwa siku moja. Badilisheni kitu kimoja, rusheni mara tatu, andikeni. Wanafunzi watanuna, lakini hiyo ndiyo fizikia yenyewe.

Kabla ya hayo hakikisheni mizani. Ishikeni ndege chini ya mabawa kwa ncha za vidole viwili: ikae sawa kwenye theluthi ya kwanza ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Bawa la sentimita 12, basi sentimita 4. Na mkia wa kulala uwe umeinama kidogo kuliko bawa, ukingo wake wa mbele chini. Si ujanja wangu. Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha ndege ndogo ya mpira uliosokotwa mjini Paris mwaka 1871, na alijua kwamba mkia wa namna hiyo ndio unaoirudisha ndege yenyewe ikiyumba.

Kwa majaribio ya kwanza punguzeni nguvu. Mimi huchomea daiodi ya ampea 3 kwenye waya mmoja wa betri. Inakula karibu volti 1 na nguvu ya mota inapungua. Zimejaa kwenye mabodi ya redio mbovu. Mkiridhika, iondoeni.

Betri nayo ina shida moja: haijui kuacha. Mota hiyo ikila ampea 2, betri ya miliampea-saa 150 inaweza kuizungusha dakika nne na nusu, na kwa upepo wa Lamu hiyo ni safari ya kwenda kisiwa cha Pate. Wekeni saa ya kukata umeme. Ama mtumie mota ndogo zaidi na, badala ya betri, kapasita (kihifadhi umeme) ya farad 10 yenye volti 2.7. Nafurahia sana njia hii. Ichajini kwa betri mbili za AA za kuchajiwa, volti 1.2 kila moja. Zile za kawaida mbili zinafika volti 3 na zitaiharibu. Nguvu yake hupungua taratibu, kwa hiyo ndege inaingia kwenye mtelezo bila kushtuka.

Neno kuhusu gundi, maana naona wengi wanalia: ile ya tone moja inayokausha mara moja inayeyusha povu jeupe la maboksi ya samaki. Tumieni gundi nyeupe ya seremala, na uti wa kuti au mwanzi uliochanwa kuimarisha bawa.

Mahali: ufuo wa Shela ni mpana, ila angalieni upepo. Kusi hutoka baharini na kuibeba ndege kuelekea matuta ya mchanga, mtaikuta. Umande, yaani upepo wa alfajiri, hutoka nchi kavu, nao huipeleka majini huku mkitazama. Mimi huku Malindi huenda uwanja wa mpira kabla ya saa moja asubuhi, mbali na njia ya ndege za abiria. Nanyi msirushe upande wa Manda, uliko uwanja wa ndege. Miezi ya matlai, Oktoba na Novemba, upepo umelegea. Jua likipanda mchanga huchemka na hewa huinuka. Mkiona mwewe anazunguka bila kupiga bawa, msirushe, labda mwe tayari kuiaga.

Ikikataa bado, nitumie video iliyopigwa kutoka ubavuni, si kutoka nyuma ya anayerusha. Kutoka nyuma sioni pua inafanya nini.