Dampo Hili Halizolewi

Wadogo zangu mnaokuja Dodoma kila mwaka kufanya field, hasa mnaotoka UDOM mkiwa na moto wa darasani, hii inawahusu.

Kijana mmoja alinipokea asubuhi mlangoni kwa bashasha. "Shikamoo kaka. Diski C ya seva ilikuwa imejaa, nimekupunguzia gigabaiti 11." Nikamuuliza kafuta nini. "Kulikuwa na faili linaitwa MEMORY.DMP. Nikaona ni dampo tu." Sikuweza kumgombeza. Kwa Kiswahili chetu dampo ni Chidaya, magari ya taka yanakomwaga mzigo, na hakuna anayetunza taka. Ila seva ilikuwa imeanguka usiku ule, na shahidi pekee aliyekuwepo alikuwa faili lile.

Mfumo endeshi ukikutana na kosa ambalo kerneli, yaani kiini cha mfumo, haiwezi kulivuka, unajisimamisha wenyewe usije ukaharibu data. Kabla ya kujiwasha upya unaandika kwenye diski kilichokuwa kwenye memori dakika ile, na faili hilo ndilo dampo letu (dump). Uandike kiasi gani na uweke wapi, unaamua wewe, na unaamua seva ikiwa nzima. Umeme ukikatika ghafla ni habari nyingine: hapo hakuna muda wa kuandika chochote, msipoteze asubuhi nzima mkitafuta. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows mtaona tukio namba 41, na BugcheckCode yake, yaani namba ya kosa, ni 0. Angalieni UPS kwanza.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya kuliko yule kijana. Nilikuwa na seva ya hifadhidata yenye RAM ya gigabaiti 64 na C ndogo. Ili C ipumue, nikahamishia faili la kurasa, pagefile, yaani sehemu ya diski inayoisaidia RAM, kwenye D. Nikajiona fundi. Wiki chache baadaye, saa nane usiku, skrini ya bluu. Ikajiwasha yenyewe, asubuhi kila kitu kinafanya kazi, na bosi anataka kujua kilichotokea. Nikaenda C:\Windows, hakuna faili. Folda ya Minidump, tupu. Sikuwa na la kumwambia.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwa mpangilio wa kawaida Windows haiandiki MEMORY.DMP moja kwa moja wakati wa kuanguka. Inamwaga memori kwenye pagefile iliyo kwenye diski ya mfumo, kisha mashine ikiwaka tena ndipo inahamishia kwenye faili. Nilipoiondoa pagefile C, nilikuwa nimeondoa ndoo chini ya bomba. Kama C haina nafasi kabisa, kuna njia ya kutenga faili maalumu kwenye diski nyingine, kwenye rejista ya Windows (registry), kwa jina DedicatedDumpFile.

Basi nikaruka upande wa pili. Nikaongeza C, nikachagua dampo kamili, memori yote. Dampo kamili linataka pagefile yenye ukubwa wa RAM yote na megabaiti 1 juu. Seva ilipoanguka tena, ikakaa karibu nusu saa inaandika huku watu wamepanga foleni dirishani, na simu yangu haikunyamaza. Faili likatoka kubwa kiasi kwamba kulihamisha tu ilikuwa kazi ya mchana mzima. Na nilichokihitaji humo kilikuwa jina moja.

Andikeni sysdm.cpl, ingieni Advanced, kisha Startup and Recovery, mtaona machaguo. Dampo dogo ni kilobaiti 256: linatosha kukuonyesha namba ya kosa na draiva (programu inayoendesha kifaa) inayoshukiwa, basi. Dampo la kerneli linachukua memori ya kerneli na draiva, linaacha ya programu za watumiaji. Automatic, ambalo ndilo chaguo la kawaida tangu Windows 8 na Server 2012, lina vitu vilevile vya kerneli, isipokuwa Windows yenyewe ndiyo inayosimamia ukubwa wa pagefile. Kwa kazi zetu nyingi liacheni hilo hilo. Seva ilipoanguka mara ya tatu, nililifungua dampo hilo kwa WinDbg, programu ya kuchambulia dampo, nikaandika !analyze -v, na chini kabisa likatokea jina la faili la .sys: draiva ya kadi ya mtandao, ya zamani. Nikaisasisha. Imeisha.

Kuna sababu nyingine ya kutopenda dampo kamili. Ndani yake mna nywila, namba za NIDA, majina ya wateja, chochote kilichokuwa kinashughulikiwa sekunde ile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na kumtumia mtaalamu wa nje memori nzima ya seva kwa barua pepe si jambo la kufanya kwa mazoea. Hata la kerneli, omba ruhusa kwanza.

Kwenye Linux kazi hii ni ya kdump. Unatenga memori pembeni kwa kerneli ya pili, mfano crashkernel=256M, na ile ya kwanza ikifa, ya pili ndiyo inaamka kuandika maiti ya mwenzake, kwa kawaida kwenye /var/crash. Memori hiyo inatengwa wakati wa kuwaka, kwa hiyo ukibadilisha bila kuriboti hujafanya kitu. Soma /sys/kernel/kexec_crash_size, ikikujibu 0, huna kitu. Cha kuacha nje unakichagua kwa makedumpfile -d: 1 ni kurasa (vipande vya memori) za sifuri, 2 na 4 ni kashe (cache), 8 ni data za watumiaji, 16 ni kurasa zisizotumika. Jumlisha zote upate 31, ndiyo ninayotumia mimi.

Halafu jaribuni. Jumamosi, seva ya majaribio, watu wote wamearifiwa: echo c > /proc/sysrq-trigger, kwa akaunti ya ruti (root). Itakufa palepale, msishtuke. Hesabuni dakika hadi irudi, angalieni faili lipo na linafunguka, kisha andikeni muda huo kwenye karatasi mbandike kwenye raki. Yangu imeandikwa "dakika 7", na vumbi la Agosti limeshaanza kuifuta ile 7.