Detroit 6-71 iliyolala miaka mingi: usiguse stata kabla hujagusa raki

Swali lilikuwa hili: lori la zamani lenye injini ya Detroit 6-71, liliegeshwa likiwa bado linafanya kazi, limekaa miaka mingi bila kuwashwa. Je, inatosha kulifungia betri mpya, kulitia dizeli safi na kupiga stata?

Mkuu, linaweza kuwaka, tena kwa wepesi wa kushangaza, na hapo ndipo penye hofu. Nyingi za injini hizi zilizokaa hufia siku ya kwanza ya kuwashwa kwa sababu zinawaka halafu hazizimiki. Nitaeleza kwa nini, na mpangilio wa kazi utaonekana humo humo.

Familia ya 71 ilitolewa na General Motors mwaka 1938. Namba 71 ni ujazo wa silinda moja kwa inchi za ujazo, karibu lita 1.16, na 6 ni idadi ya silinda. Kipenyo cha silinda ni milimita 108, mwendo wa pistoni ni 127. Vipuri vingi vya 2-71, 3-71, 4-71 na 6-71 vinaingiliana, na bloku ilibuniwa ili bloa (pampu ya kusukuma hewa) na ekzosi viweze kukaa kulia au kushoto, na injini izunguke upande wowote atakao mnunuzi. Kwa akili hiyo, injini ile ile iliingia kwenye malori, kreni, jenereta, mashine za mbao na boti za LCVP za kushushia askari katika Vita vya Pili vya Dunia. Vifaru vya Sherman aina ya M4A2 vilibeba mbili zilizounganishwa pamoja. Mimi naiheshimu kuliko injini nyingi zilizokuja baadaye, na ndiyo maana inaniuma ikiuliwa kwa haraka ya dakika tano.

Ni injini ya mipigo miwili. Haina valvu za kuingiza hewa. Bloa inasukuma hewa kwenye chemba iliyozunguka lina (bomba la chuma ambamo pistoni inacheza), na pistoni ikishuka chini inafungua matundu ya lina, hewa safi inaingia na kuusukuma moshi utoke kwa valvu za juu. Kila silinda inawaka mara moja kwa kila mzunguko wa kranki, hivyo kwenye 6-71 kuna mlipuko kila nyuzi 60. Ule mlio wake mkali, unaomfanya asiyeijua adhani injini inazunguka mara mbili ya kasi yake, unatoka hapo.

Sasa upande wa dizeli, na hapa twende taratibu. Hakuna pampu kubwa ya presha yenye mabomba marefu. Kila silinda ina nozeli iliyo pampu na nozeli kwa pamoja, inasukumwa na roka yake, yaani mkono wa chuma unaosukumwa na kamu. Ubavuni mwa nozeli kuna raki, kijiti chenye meno, kinachoamua dizeli kiasi gani iingie. Raki zote sita zimeshikwa na bomba moja jembamba linalopita juu ya silinda hedi, na bomba hilo linaongozwa na gavana, kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini. Injini ikiwa imesimama na mkono wa kuzimia uko mahali pa kuwashia, springi ya gavana inazisukuma raki zote mpaka kwenye dizeli kamili. Injini ikishawaka, vyuma vya uzito vya gavana vinatanuka kwa kasi ya mzunguko na kuzirudisha raki nyuma.

Dizeli iliyokaa miaka ndani ya nozeli inageuka gundi ya rangi ya chai. Nozeli moja tu ikiganda kwenye dizeli kamili, kwenye injini za zamani ambazo mikono ya raki haina springi, inazishikilia na zile tano nyingine. Gavana anavuta, hakuna kinachosogea. Mwendo unapanda bila mtu kukanyaga kitu, na ukivuta mkono wa kuzimia nao haufanyi kitu, kwa kuwa unapitia bomba lile lile lililokwama.

Kwa hiyo kifuniko cha roka ndicho cha kwanza kutoka, kabla hata betri haijaletwa. Toa pini inayounganisha bomba la raki na kijiti cha gavana. Shika bomba, liinue, liachie. Linatakiwa lianguke kwa uzito wake lenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila kugugumia popote. Likisita hata kidogo, legeza skrubu za mkono wa raki mmoja mmoja hadi ujue ni nozeli ipi inayoshika. Mara nyingi ni moja au mbili, si zote. Paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye raki, isogeze kwa vidole milimita chache mbele na nyuma, uiache, urudi tena. Usiipige kwa nyundo wala kuibana kwa koleo, meno yakipinda umepoteza nozeli nzima. Isipolegea, itoe.

Kuitoa si kazi ngumu. Fungua mabomba mawili madogo ya dizeli na uzibe midomo yake palepale, kwani punje moja ya mchanga inatosha kukwamisha nozeli mpya. Fungua boliti mbili za mabano ya roka, zilaze roka nyuma, toa kibano cha nozeli, inyanyue kwa wenzo mdogo. Soma kibao cha duara kilichobandikwa mwilini mwake: N60, kwa mfano, ina maana milimita za ujazo 60 kwa kila msukumo. Zote sita ziwe namba moja. Injini yenye namba mchanganyiko itatetemeka maisha yake yote, na fundi atalaumu vitu vingine.

Wakati wa kurudisha, kibano cha nozeli kinakazwa futi-pauni 20 hadi 25, boliti za mabano ya roka 90 hadi 100, na nati za mabomba madogo ya dizeli 12 hadi 15 tu. Hizi za mwisho ndizo watu wanazozikosea. Ukizikaza kwa nguvu za mkono, mdomo wa bomba unapasuka nywele isiyoonekana, dizeli inavuja chini ya kifuniko cha roka na kuteremka kwenye sampu, karai la oili chini ya injini. Hutaona tone hata moja nje. Utakachoona ni kiwango cha oili kupanda siku hadi siku, na mwenye lori anafurahi kwamba injini yake hailambi oili, huku beringi zinakwisha. Baada ya hapo pima kimo cha nozeli kwa geji yake, inayoingia kwenye tundu dogo la mwili wa nozeli. Mara nyingi ni inchi 1.460 au 1.484 kutegemea nozeli na taimingi ya injini, kwa hiyo fuata kitabu cha injini yako, usikisie. Malizia kwa kusawazisha raki, ili zote sita zifike dizeli kamili kwa pamoja.

Kisha vifuniko vya ubavuni vya chemba ya hewa. Huu ndio upendeleo ambao injini za mipigo minne hazina: unavifungua, unamulika tochi kupitia matundu ya lina, na unaziona pistoni na ringi bila kufungua kichwa (silinda hedi). Zungusha kranki kwa mkono kwa boliti ya puli ya mbele, upande wa kuikaza na siyo wa kuilegeza, huku mkono wa kuzimia umevutwa. Kila ringi ikipita kwenye tundu, ibonyeze kwa kijiti cha mbao. Iliyo hai inarudi kama springi. Iliyovunjika au iliyoganda kwa masizi haitikisiki. Angalia pia mikwaruzo ya wima kwenye pistoni. Ukikuta maji chini ya chemba, simama hapo: ama mipira ya lina imechoka, ama kichwa kinavuja, na hakuna dawa ya kumimina kwenye rejeta itakayokusaidia.

Kranki ikigoma katikati ya mzunguko, usiongeze bomba refu kwenye spana. Kuna kimiminika juu ya pistoni. Toa nozeli ya silinda hiyo kwanza, ndipo uzungushe.

Ukiwa bado umeinama hapo, tafuta vibomba vidogo vinavyotoka chini ya chemba ya hewa na kuning'inia ubavuni mwa bloku. Kazi yake ni kumwaga unyevu na oili. Vikiziba, oili inajikusanya chembani, siku moja hewa inaibeba yote kwenda kwenye silinda, na injini inaunguza oili yake yenyewe. Sili za bloa zilizokauka zinaleta ajali hiyo hiyo. Hapo kukata dizeli hakusaidii chochote, dawa ni kukata hewa tu. Zibua vibomba kwa waya na upepo, kisha fungua njia ya hewa utazame ndani ya bloa: kukiwa na oili inayong'aa kwenye ncha za rota, karibu na sili, badilisha sili kabla ya kuwasha.

Kwenye mdomo wa bloa injini nyingi zina kilango cha dharura kinachoziba hewa. Kivute kwa waya wake injini ikiwa imezima, uone kinafunga kikamilifu. Kimetengwa kwa dharura pekee. Ukikizoesha kuzimia injini kila siku, mvuto wa bloa unanyonya oili kupitia sili zake, na unatengeneza ugonjwa uliokuwa unajikinga nao. Hata kilango kikiwa kizima, andaa kipande cha ubao mnene, bapa, kinachofunika mdomo wote wa hewa. Kisiwe kitambaa, kitamezwa na bloa. Na kisiwe kiganja cha mtu kamwe.

Oili: SAE 40 ya daraja moja, yenye alama ya CF-2 (daraja la oili za dizeli za mipigo miwili), na majivu ya salfeti chini ya asilimia 1. Najua wengi humimina 15W-40 kwa kuwa ndiyo iliyopo. Injini hii inawaka kila mzunguko, pistoni haipati mpigo wa kupumzika, ringi na pini zake zinaishi kwenye joto na mzigo usiokatika. Utando wa 15W-40 hauzitoshi, na oili yenye majivu mengi inaacha ukoko kwenye valvu za ekzosi hadi zinaungua. Ukiweza, sukuma oili kwenye njia kuu ya bloku kwa pampu ya nje yenye presha ya psi 25 huku mwenzako akizungusha kranki, na mimina nyingine juu ya roka na kamu kabla ya kufunga kifuniko.

Tangi la dizeli lisafishwe, filta zote mbili mpya zijazwe dizeli safi, hosi za upande wa kunyonya zibadilishwe bila mjadala. Kwenye mdomo wa bomba la kurudi tangini kuna kiungo chenye tundu jembamba kilichowekwa makusudi ili kutunza presha ndani ya kichwa. Mtu akikibadilisha na kiungo cha kawaida, injini itawaka vizuri na kukosa nguvu mlimani. Mapovu kwenye dizeli inayorudi yanakuambia kuna sehemu inanyonya hewa.

Siku ya kuwasha muwe wawili, mmoja na ubao kwenye mdomo wa hewa, mwingine kwenye mkono wa kuzimia. Piga stata kwanza mkono ukiwa umevutwa, sekunde 15 kwa mpigo, uiache ipoe, mpaka geji ya oili inyanyuke. Ndipo uachie mkono. Itanguruma juu kidogo, kisha gavana ataishusha. Isiposhuka, ubao uende palepale, msisubiri kuona itafika wapi. Presha ya oili isipoonekana ndani ya sekunde 10 hadi 15, zima. Etha, ile dawa ya kupuliza ya kuwashia, iacheni nje ya jambo hili, inavunja ringi zilizolala muda mrefu.

Jambo moja linalowapata hata wazoefu: injini ya mipigo miwili inaweza kuwaka kinyumenyume. Lori likizimikia mlimani likiwa kwenye gia na likarudi nyuma, kranki inageuzwa na injini inawaka upya. Moshi unatokea kwenye kichujio cha hewa, ekzosi inanyonya, na pampu ya oili haipeleki kitu. Kanyaga breki, vuta mkono wa kuzimia mara moja, usijaribu kuendesha.

Usiiache ikinguruma saa nzima bila mzigo ili "ijisafishe". Haipati joto la kutosha, inatema oili nyeusi kwenye ekzosi. Ipeleke ifanye kazi nyepesi, joto la maji likae kati ya nyuzi 71 na 85 za Selsiasi, moshi mweupe wa mwanzo utakwisha.

Na kabla lori halijasogea: malori ya umri huu mengi yana rimu za vipande, zenye pete ya kufungia. Toa ulimi wa valvu hadi tairi liishe upepo kabisa kabla ya kulegeza nati hata moja. Kujaza upepo ni ndani ya kizimba cha chuma, kwa hosi ndefu yenye kichwa cha kubana, nawe umekaa pembeni, si mbele ya tairi. Pete yenye kutu iliyokula unene wake haifai kurudishwa, hata kama inaingia vizuri. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, kwa hiyo lioshe kwa maji, usilipulize kwa upepo.

Ukifungua kifuniko cha roka, weka picha ya bomba la raki na vibao vya nozeli zote sita hapa.