Maswali na majibu: watu wanaokuzunguka na afya yako

Ni kweli upweke unaua, au mnatutisha tu?

Hauui kwa siku moja, ila madhara yake yamepimwa. Mwaka 2010 mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walichambua tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000. Wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 50, wa kuwa hai mwisho wa ufuatiliaji. Asiye na wa kumkimbilia, mwili wake hukaa macho muda wote: homoni za msongo hupanda, usingizi hukatikakatika, shinikizo la damu nalo huongezeka. Tena hana wa kumwambia, "Hicho kikohozi kimezidi, nenda hospitali."

Mimi ni mkimya. Lazima niwe na marafiki wengi?

Hata kidogo. Katika utafiti wa Sheldon Cohen uliochapishwa 1997, watu 276 waliojitolea walitiwa virusi vya mafua puani. Kilichohesabiwa ni aina za mahusiano: mwenzi, ndugu, majirani, wafanyakazi wenza, waumini wenzao. Wenye aina chache ndio waliougua zaidi. Kwa hiyo rafiki mmoja, jirani mnayesalimiana na kikundi kimoja unachohudhuria vinaweza kukufaa kuliko genge kubwa la watu wa sampuli moja. Ukimya wako uache ulivyo.

Niko kwenye makundi ya simu yenye mamia ya watu, mbona bado mpweke?

Kwa sababu wengi humo wanasoma tu, pengine na wewe pia. Chagua mmoja umpigie.

Nimo katika kila kamati na nimechoka hoi.

Jiondoe kwenye mbili. Kujitolea kwa kinyongo hakumjengi mtu afya.

Baba amestaafu, anashinda ndani. Tumwandikishe kwenye chama?

Kwanza mpeleke akapimwe masikio. Wazee wengi hukwepa mazungumzo kwa kuwa hawasikii vizuri na wanaona haya kusema. Kisha msimpeleke kukaa kitini kama mgeni. Tafuteni mahali atakapopewa jukumu, kama kutunza hesabu, kufundisha vijana au kufungua mlango asubuhi. Mtu huenda anakosubiriwa. Lakini kama kwa wiki mbili au zaidi haoni raha hata kwa alivyovipenda, hali chakula vizuri wala hapati usingizi, hiyo huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa, na hapo aonane na daktari kabla ya chama.