Swali la lugha: filamu ya kaboni, tabaka au utando?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mwanafunzi wa fizikia hapa Kisumu, mwaka wa mwisho. Mradi wangu ni wa kaboni inayowekwa juu ya kioo ili itumike kwenye seli za sola. Nimeombwa niueleze kwa Kiswahili mbele ya wavuvi wa Dunga, nami nimeandika hivi: "Tunatengeneza filamu nyembamba za kaboni kwa matumizi katika seli za sola." Mjomba wangu aliposoma akaniuliza filamu hizo zinaonyeshwa wapi. Mwenzangu wa maabara anataka niseme tabaka. Shangazi anasema utando, ila mimi nikisikia utando namwona buibui. Nishike lipi?

JIBU: Sijambo, binti yangu. Mjomba wako amenichekesha, lakini hana kosa. Filamu kwetu ni ya kutazamwa, na kwa sisi tuliopigwa picha zamani ni ule mkanda wa kamera uliopelekwa studio kusafishwa. Ukiwa na wanafizikia wenzako mtaelewana tu. Pale Dunga utapoteza dakika tano za kwanza ukieleza kwamba hukuja kuonyesha sinema.

Mfuate shangazi. Buibui hakulinunua neno hilo. Juzi asubuhi hapa Nakuru nilichemsha maziwa ya chai, nikaepua sufuria, simu ikalia. Niliporudi, uso wote wa maziwa ulikuwa umefunikwa, ukingo hadi ukingo. Nikauinua ule mfuniko kwa ncha ya kijiko, ukaja mzima, umekunjamana kama leso iliyoloa. Huo ni utando. Hakuna aliyeupaka, ulitanda wenyewe.

Kitenzi ndicho kiini cha neno. Wingu hutanda, giza hutanda, na ukungu wa asubuhi hutanda juu ya Menengai hadi usione kitu. Humo humo ndimo tulimopata tandaza na mtandao. Wavu wa buibui umeitwa utando kwa sababu umetanda pembeni mwa dari. Basi utando ni kitu chembamba, kilichoenea, kilichokaa juu ya kitu kingine. Sasa itazame kaboni yako kwenye kioo uniambie imekosa sifa gani kati ya hizo.

Upatanisho wake usikutatize: utando mwembamba, tando nyembamba. Na ukitaja kipimo sema unene, hata kama kitu chenyewe ni chembamba kuliko unywele: "utando wenye unene wa mikromita 10."

Mwenzako wa maabara naye hajakosea, amelipeleka neno mahali pasipo pake. Tabaka huhesabiwa. Ukiwa na vitu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ndipo useme tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Seli yako ina kioo, ina oksaidi ya titani, ina kile kinachonasa mwanga, kisha kaboni. Kwa hiyo ni sawa kabisa kusema, "utando wa kaboni ndio tabaka la mwisho." Ila tafadhali usiandike "tabaka nyembamba" ukikusudia moja, kosa ninalolikuta kila wiki. Ni tabaka jembamba, matabaka membamba.

Kinachonisumbua zaidi katika sentensi yako ni "tunatengeneza". Si kosa, ni neno lisilosema lolote. Hata chapati hutengenezwa. Kiswahili kina vitenzi ambavyo vitawaonyesha wavuvi mkono wako unafanya nini, na hukuniambia unatumia njia ipi. Kama una rojo ya grafiti, kaboni ya aina ile ya penseli, unayoikwangua kwa bapa la chuma juu ya kioo, jinsi fundi anavyolainisha plasta, kisha unaitia kwenye tanuri la nyuzi 400 hivi, wewe unatandaza. Rojo ikiwa na maji mengi useme ni nyepesi, usiseme nyembamba. Wembamba ni wa utando, wepesi ni wa uji. Lakini kama unapitisha gesi ya methani juu ya karatasi ya shaba katika joto la nyuzi 1000 hivi, gesi ikavunjika na kaboni yake ikabaki juu ya shaba, hapo hutandazi chochote. Kaboni inatanda yenyewe, kama utando wa maziwa yangu. Wewe umechochea moto tu.

Ipo na njia ya tatu, nayo inataka kitenzi kingine kabisa. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wakiwa Manchester, Uingereza, walichukua grafiti, ndugu ya ile iliyo ndani ya penseli, wakaibandika selotepu wakaibandua, wakarudia mpaka wakapata utando wa unene wa atomi moja. Ni grafini hiyo, na mwaka 2010 iliwapa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Utando wao haukutandazwa wala haukutanda. Ulibanduliwa.

Halafu hiyo "kwa matumizi katika" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Andika: "Tunatandaza utando mwembamba wa kaboni juu ya kioo, utumike kwenye seli za sola." Neno seli liache lilivyo, hata kama kuna mzee atakayekumbuka usiku aliolala kituo cha polisi. Wakisikia sola watajua ni seli gani, maana wapo wanaovua omena kwa taa za sola siku hizi badala ya karabai.

Na kwa sababu ni wavuvi, usianze na grafini. Anza na masizi. Kila mmoja pale amewahi kuona moshi wa koroboi ukipaka ukuta weusi, au amefuta kioo cha taa ya mafuta kwa kitambaa. Waambie masizi yale sehemu kubwa ni kaboni, na kwamba zipo seli za sola za majaribio ambazo wanafunzi huzitengeneza kwa kushika kioo juu ya mwali wa mshumaa mpaka kiwe cheusi. Ukishawafikisha hapo, liache neno masizi, urudi kwenye utando. Masizi masikioni mwa watu ni uchafu: ukigusa yanabaki kidoleni. Utando wako lazima ung'ang'anie kioo.

Jiandae, kwa maana ukitaja masizi, mtu atakuuliza: "Binti, masizi yakijaa kwenye kioo cha taa, mwanga unafifia. Wewe unayapelekaje kwenye sola?" Ni swali zuri kuliko mengi utakayoulizwa na wasimamizi wako. Mjibu kwamba utando huo unakaa nyuma, mahali ambapo mwanga umeshafanya kazi yake. Hauuzuii mwanga, unapokea umeme na kuutoa nje, kazi ambayo katika seli nyingine za namna hiyo hufanywa na utando wa dhahabu.