Maji yameshapungua, usingizi bado haujarudi

Siku za mwanzo baada ya mafuriko, watu wa mtaani kwetu walikuwa imara kuliko nilivyotegemea. Kila mtu alikuwa na la kufanya: huyu anazoa matope, yule anaandikisha waliopoteza nyumba. Hali ilibadilika misaada ilipokoma na wageni wakaondoka. Jirani yangu mmoja, aliyewatoa watu majini kwa mikono yake, akaanza kukesha kila mawingu yakitanda. Alikaa kitandani amevaa viatu, vyeti vya watoto kavifunga kwenye mfuko wa plastiki kifuani.

Kwa hiyo, kama unataka kusaidia, usimalize nguvu zako zote wiki ya kwanza. Rudi baada ya miezi mitatu, rudi baada ya sita.

Kushtuka ovyo, hasira za ghafla na kukosa usingizi mwanzoni si wazimu. Mwili umetoka hatarini na bado uko macho. Wengi hupata nafuu taratibu wakiwa salama na karibu na watu wao. Hata madaktari hawasemi mtu ana ugonjwa wa kiwewe mpaka dalili zimepita mwezi mmoja. Zikipita hapo, akawa anaota jinamizi, anajitenga au amezama kwenye pombe, mpeleke kwa mtaalamu. Akitaja kujiua, mpeleke siku hiyo hiyo na usimwache peke yake.

Lingine: msimlazimishe mtu kusimulia. Niliwahi kuona waathirika wamekalishwa duara, kila mmoja aeleze alivyofiwa, mbele ya watu asiowajua. Nia ilikuwa njema, lakini Shirika la Afya Duniani halishauri vikao vya namna hiyo. Mwongozo wake wa mwaka 2011 wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia una hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Mimi naona hii ya tatu ndiyo inayopuuzwa. Asiyejua mwezi ujao atalala wapi hatatulizwa kwa maneno matamu. Mtafutie ndugu aliyepotezana naye, kaa naye mjaze fomu ya fidia, mpe kazi ya kufanya kambini. Nimeona watu wakinyanyuka kwa kupewa tu jukumu la kugawa maji.

Watoto nao wana yao. Aliyeacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mwingine anacheza mchezo wa kuzama na kuokolewa, kutwa nzima. Usimkaripie. Zima picha za maafa kwenye televisheni, mrudishe kwenye masomo mapema, hata kama darasa ni hema.

Waokoaji na waliozika maiti wapumzishwe kwa zamu, maana wao hawalalamiki mpaka waanguke. Na mwaka ukikaribia kutimia, huzuni na hofu huweza kurudi kwa nguvu, hata kwa aliyeonekana amepona. Pangeni mapema nani atalala na nani usiku huo.