Beta bila filta Nakuru: angalia baridi na maji kwanza

Ndugu, umesema una beta dume, yule samaki mdogo wa mapambo, kwenye tangi la lita 10 hapo Nakuru, huna filta, kila Jumamosi unamwaga maji yote na kujaza mengine ya kisima, na sasa samaki wa pili amekufa ndani ya mwezi mmoja. Umeuliza kama filta ingewaokoa. Kwa hali uliyoeleza, isingewaokoa. Beta ana kiungo kichwani cha kuvutia hewa ya juu ya maji, kwa hiyo maji yaliyotulia hayamdhuru. Mkondo wa filta kubwa ndio humchosha, hasa wale wenye mapezi marefu. Wako wameuawa na baridi ya usiku, maji yenye magadi, na huko kumwaga maji yote kwa mara moja.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Beta anataka maji ya nyuzi 25 hadi 27, na katika nyumba ya mawe mwezi wa Julai maji ya tangi hushuka hadi 19 au chini ya hapo alfajiri. Akishikwa na baridi hukunja mapezi, hulala chini, na alichokula hakisagiki, tumbo linavimba. Madoa meupe na kuoza kwa mapezi hufuata. Kwa tangi la lita 40, ambalo nalieleza hapa chini, tafuta hita ya wati 50 inayojizima yenyewe, uiweke nyuzi 26, na uwe na kipimajoto cha pembeni kwa sababu namba za kwenye hita mara nyingi si sahihi. Kwa kuwa hakuna filta ya kuzungusha maji, ilaze hita karibu na chini bila kugusa udongo, ili maji ya moto yapande na kuvuta ya baridi. Ichomoe kabla ya kupunguza maji. Kioo cha hita kikibaki nje kikiwa moto hupasuka.

Walio Kisumu mara nyingi hawahitaji hita. Shida yao ni jua la dirishani na joto la mabati, maji yakipita nyuzi 30.

Sasa maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa hutoa maji yenye magadi na floridi nyingi, na kuyachemsha hakuondoi chochote kati ya hivyo. Ubaya wa magadi kwa mfuga samaki uko hapa: kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia, na ukali wa amonia hutegemea pH, yaani kipimo cha uasidi au umagadi wa maji. Maji yakiwa nyuzi 25 na pH 7, chini ya asilimia 1 ya amonia yote ndiyo iliyo katika hali ya sumu. Kwenye pH 8.5, sehemu hiyo hufika karibu asilimia 15. Kinyesi ni kilekile, chakula ni kilekile, lakini sumu imezidi mara 20. Ndiyo maana samaki aliyekaa salama Kisumu, ambako maji ya bomba hutoka ziwani kupitia Dunga au mtoni kupitia Kajulu na hayana chumvi nyingi, hufa akihamishiwa kwenye maji ya kisima Nakuru.

Dawa yake ni mvua. Acha mvua ya kwanza ioshe mabati dakika 15, kisha kinga. Changanya sehemu mbili za maji ya mvua na moja ya kisima. Usitumie ya mvua peke yake, kwa sababu hayana kitu cha kushikilia pH na inaweza kuporomoka ghafla. Ukitumia maji ya bomba yenye harufu ya klorini, yaache kwenye ndoo wazi saa 24 hadi 48. Jani kavu la mti wa mkungu (si mkungu wa ndizi) lililoanguka lenyewe, moja kwa lita 40, ni zuri na samaki hulipenda, lakini usitegemee lishushe pH ya maji ya magadi. Halina nguvu hiyo.

Lita 10 ni kidogo mno kwa njia hii. Mwambie fundi wa vioo akutengenezee tangi la sentimita 45 kwa 30 kwa 30, kioo cha milimita 5, linalobeba lita 40. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, nayo ikauke wiki nzima kabla ya kutia maji. Likijaa, tangi hupita kilo 50 pamoja na udongo na kioo, basi meza iwe imara. Liwe na kifuniko, na uache sentimita 4 za hewa kati ya maji na kifuniko. Beta huruka, na pia hewa anayovuta isiwe baridi kuliko maji.

Chini weka udongo wa shamba ambao haujatiwa samadi wala mbolea, uliochekechwa mawe na mizizi, kina cha sentimita 2.5. Juu yake mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke safi, kina hichohicho. Mchanga wa ufuoni mwa ziwa una vipande vya makombe. Tone la siki likitoa povu, uache. Usizidishe kina. Udongo mnene ukikosa hewa hutoa gesi inayonuka kama yai bovu. Wiki za mwanzo choma udongo kwa kijiti chembamba hapa na pale ili gesi itoke kidogokidogo.

Hapa kwenye mimea ndipo kila kitu kinapoamuliwa, na ndipo wengi hubania. Vishina vitatu vya mapambo havisafishi maji. Siku ya kwanza robo tatu ya sakafu iwe imepandwa, tena mimea inayokua haraka: haidrila, valisneria, na seratofilamu, ile yenye majani kama sindano laini isiyohitaji hata kupandwa. Juu acha salvinia au magugu ya kuelea yafunike thuluthi moja tu, yakizidi yatoe. Ning'iniza pia tawi la pothosi, ule mtambazi wa sebuleni, mizizi ndani ya maji na majani nje. Anubiasi ni mmea mzuri lakini hukua polepole, usiutegemee kusafisha. Balbu ya LED ya wati 9 yenye mwanga mweupe wa mchana, saa 7 hadi 8 kwa siku, inatosha. Mwani ukizidi, punguza mwanga kabla ya kitu kingine chochote.

Mimea ya kuchota ziwani au mtoni ina hatari ambayo haitajwi vya kutosha: konokono wa kichocho. Shika kwa glavu za mpira, loweka kwenye ndoo, toa kila konokono unayemwona, badilisha maji kwa wiki mbili kabla ya kuingiza tangini. Hapo pia utanasa viluwiluwi vya kereng'ende, ambavyo hushambulia samaki. Na mimea unayopogoa ichomwe au ianikwe ikauke. Isitupwe kwenye mtaro, maana mitaro ya Kisumu inaishia ziwani.

Baada ya kupanda, subiri wiki 3 hadi 4 bila samaki. Udongo mpya hutoa amonia yake wenyewe, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, wanahitaji muda. Pima: amonia sifuri, nitriti sifuri, wiki nzima mfululizo. Hapo ndipo beta aingie, dume mmoja peke yake.

Chembe 4 hadi 6 za chakula kwa siku, siku moja ya wiki asile. Viluwiluwi vya mbu ni chakula bora kuliko hivyo vya duka, ila ndoo ya kuvizalishia imwagwe mchangani kila siku ya nne, vinginevyo unafuga malaria. Omena ya kusagwa iache. Mafuta yake huchafua maji haraka.

Kumwaga maji yote kukome, kwa sababu kunabadilisha joto na pH kwa dakika moja. Badilisha asilimia 20 kila wiki mbili, maji mapya yakiwa na joto lilelile. Yaliyopungua kwa kukauka yajazie ya mvua tupu, kwani yanayokauka huacha magadi yote nyuma.

Bila filta, utando kama mafuta utajitokeza juu ya maji. Laza karatasi ya shashi juu yake, inyanyue, rudia mara mbili. Stima ikipotea usiku, funika tangi kwa blanketi pande zote, ukiacha upenyo mdogo juu, na usimlishe mpaka maji yarudi nyuzi 24.