Usimuulize mtu mzima anataka kuwa nani

Karibuni Mtwara, nyinyi mnaoanza kufundisha madarasa ya watu wazima. Masomo yenyewe mtayazoea upesi. Kitakachowasumbua ni swali la mwanafunzi linalokuja jioni, wenzake wakishaondoka: "Mwalimu, nikimaliza hapa nifanye nini?" Anayeuliza ana watoto, ana mikorosho Nanyamba au meza sokoni Chikongola, na kila saa anayokaa mbele yako kuna shilingi ameikosa mahali pengine. Msimpe jibu la haraka haraka.

Lile swali la watoto wa sekondari, unataka kuwa nani, halimfai. Mtu wa miaka 38 ukimuuliza hivyo atakutajia kazi aliyoiona kwa mwenzake: nesi, mwalimu, mtu wa bandari. Muulize amekuwa akifanya nini tangu alipoacha shule, mwaka hadi mwaka, kisha nyamaza usikilize. Akifika kwenye mambo anayoyapita harakaharaka kwa kuyaona madogo, hapo ndipo umrudishe ayaeleze vizuri.

Mama mmoja alinihakikishia kwamba hana uzoefu wa kazi yoyote. "Huwa nasaidia tu pale AMCOS msimu ukifika," akimaanisha chama cha ushirika cha wakulima wa korosho. Nikamwomba anisimulie siku moja ya msimu, tangu ghala linapofunguliwa. Akasimulia: anasoma kilo kwenye mizani, anatoa uzito wa gunia tupu, anaandika kwenye daftari, anamkatia mkulima stakabadhi. Mkulima akilalamika kwamba mizani imemwibia, gunia linarudishwa juu na kupimwa upya mbele ya macho yake. Jioni, hesabu ya daftari lazima ilingane na magunia yaliyopakiwa kwenda ghala kuu, na isipolingana hakuna anayeondoka. Nilikuwa naandika huku anaongea, nikamgeuzia karatasi aisome. Kupima, kutunza kumbukumbu, kulinganisha hesabu na mzigo, kutuliza ugomvi wa watu wenye hasira: mwenye ghala anamtafuta mtu wa namna hiyo, mwenye kiwanda cha kubangua korosho anamtafuta, na bandarini penye korosho na makaa ya mawe ya Ruvuma kuna kazi za kuhesabu mizigo. Alichopungukiwa ni cheti na barua. Barua tuliifuata kwa viongozi wa AMCOS, itaje kazi aliyoifanya na misimu aliyoifanya. Fanyeni hivyo kwa kila mwanafunzi mapema, maana viongozi hubadilika, na aliyekuona ukifanya kazi akishaondoka utabaki huna shahidi.

Ukishajua alichonacho, ndipo uzungumzie njia. Fundi aliyejifunzia kazi kwa fundi mwenzake, awe mwashi, seremala au wa kuchomelea, msimpeleke moja kwa moja akaanze darasa la kwanza la ufundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: anatathminiwa kwa kazi anayoijua, panapopungua anaongezewa mafunzo, na akifaulu anapewa cheti. Wengi mtaani hawajui kwamba jambo hilo lipo. Anayehitaji elimu ya sekondari na hakufika au hakufaulu kidato cha pili, yeye anaanza na Mtihani wa Maarifa, ule wanaouita QT, ndipo asajiliwe kufanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwambieni wazi kwamba njia hii inakula miaka, na mhesabu miaka hiyo pamoja naye.

Umri nao muuzungumze siku ya kwanza kabisa. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida humtaka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyeko tayari serikalini. Mwanafunzi wa miaka 42 anayetaka kupitia QT, kidato cha nne, kisha chuo, akiwa na ndoto ya ajira ya serikali, anapaswa kulijua hilo kabla hajauza kitu kulipia ada. Kulificha kwa kumwonea huruma ni kumdhulumu. Ukishamwambia, mwonyeshe panapobaki wazi: kampuni binafsi, ushirika, kazi yake mwenyewe, au kikundi kinachoweza kuomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Halafu kalenda. Huku kwetu mtu hapangi maisha kwa Januari na Desemba peke yake. Kuanzia mwezi wa sita watu wako kwenye kupulizia mikorosho, na kuanzia mwezi wa kumi kuna kuokota na minada. Mitihani ya kidato cha nne na QT hufanyika Novemba, katikati ya msimu wenyewe. Mwanafunzi anayetoweka Oktoba mara nyingi ameenda kuokotea ada ya watoto, kwa hiyo msimwite mvivu. Kaeni naye mwezi wa tano, mjue nani atashika shamba zile wiki za mtihani: mume, dada, kibarua wa kulipwa. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea huwa mwanzoni mwa mwaka, fedha ya korosho ikiwa bado ipo ndani. Atenge ya usajili siku malipo yanapoingia, kabla haijapata matumizi mengine.

Mtaulizwa sana kuhusu gesi. Wanafunzi wetu waliona mtambo wa Madimba ukijengwa na bomba likienda hadi Dar es Salaam mwaka 2015, na sasa wanasikia habari za Likong'o kule Lindi, panapopangwa kujengwa mtambo wa kusindika gesi kuwa kimiminika. Waelezeni tofauti ya kujenga na kuendesha. Ujenzi huita mikono mingi, waashi, wachomeleaji, wapishi, walinzi, madereva, na ukiisha mikono hiyo inarudi nyumbani. Uendeshaji unachukua watu wachache wenye vyeti vya ufundi wa juu. Mtu achague ufundi unaolipa Mtwara leo, kwenye nyumba zinazojengwa, kwenye magari, kwenye viwanda vilivyopo. Mradi mkubwa ukija utamkuta na cheti na uzoefu. Kumshauri akae kuungojea, mimi siwezi.

Kuhusu nyaraka sitaongea mengi, ila msizipuuze, kwa sababu zinawaangusha watu ambao wangeweza kabisa kazi. Wekeni mezani cheti cha kuzaliwa, cha shule na kitambulisho cha NIDA, msome jina herufi kwa herufi. Hamisi huku na Hamis kule, Saidi na Said, jina la ukoo lipo hapa na pale halipo. Kurekebisha kunachukua muda, na tangazo la kazi halikungoji. Hati ya matokeo nayo haikubaliki kwenye maombi ya serikali, wanataka cheti chenyewe. Akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuomba kazi za serikali, afungue mwanafunzi mwenyewe, kwa namba ya simu anayoishika yeye na nywila anayoikumbuka yeye, hata kama mtu wa duka la intaneti ndiye anayemchapia. Na kuomba kupitia mfumo huo hakulipiwi. Anayedai fedha ili "akusukumie" jina, mwanafunzi asimpe hata nauli.

La mwisho ni usaili, na hapa muwe wavumilivu kweli. Watu wazima wa kwetu wamelelewa wasijisifu. Ukimuuliza umefanya nini, atasema "tulifanya", ataangalia chini, na sifa yote atawapa wenzake. Akikutana na jopo lenye watu wa umri wa mwanawe, ndiyo anazidi kujificha. Kumwambia ajiamini hakumsaidii chochote. Ninachofanya ni kumwomba asimulie tena ile siku moja ya msimu: alikuwa amesimama wapi, alishika nini, alimjibu nini yule mkulima. Akisimulia kazi, "mimi" linakuja lenyewe. Tunarudia akiwa amekaa mezani, mimi upande wa pili na mwalimu mwenzangu anayemwona kwa mara ya kwanza, mpaka asimulie bila kunitazama mimi kwanza.